Somo la Kuanguka

Muhula wa kwanza hatukupewa neno la kusema.
Tulipewa godoro la sufi lililoshonwa kwa uzi wa viatu,
na Mwalimu Dibwe, mwanamke mfupi wa Kikwere
mwenye goti linaloalika kila akichuchumaa.

"Angukeni," alisema, kama mtu anayesema karibuni.
"Goti. Nyonga. Bega. Kichwa kije mwisho,
kama mgeni mwenye mizigo anayeshuka basi.
Kufa hata kuku anajua. Kazi ni kutua."

Wenzangu wakaanguka.
Chausiku akaanguka huku anacheka.
Kondo, aliyebeba chumvi Nunge kabla ya kuja chuoni,
alianguka mpaka vumbi la sufi likatupiga chafya.
Mimi nilipiga goti, nikapata nyonga,
bega likakataa.

Sikusema kwa nini. Bagamoyo ni ndogo,
na mnazi wa Kaole bado umesimama,
na kila mtu anakumbuka ile asubuhi ya Jumanne:
baba yangu mgema,
na kibuyu chake
kilichotua kizima.

Mwalimu hakuniuliza. Alinikabidhi godoro.
Wiki tatu nililisogeza chini ya wanaokufa,
nikamjua Chausiku kwa kiwiko,
Kondo kwa kisigino.

Jioni alinibakiza jukwaani nihesabu
moja mpaka mia, kuuelekea ukuta wa mwisho.
"Usiseme na waliolipia viti vya mbele.
Sema na yule aliyekosa kiti."
Kila siku nilikwama arobaini na sita.
Siku ya nne akauliza,
"Ndiyo miaka ya marehemu?"
Nikaitikia kwa kichwa.
Akafunga madirisha, moja baada ya jingine.
"Basi kesho anzia arobaini na saba."

Chumba cha mavazi kina harufu ya dawa ya nondo
na jasho la wafalme waliopita.
Humo Bi Tatu anaweka daftari:
Mwinjuma, nauli ya Kaole, elfu moja.
Mwinjuma, wali maharage.
Mwinjuma, wali maharage.
Mwinjuma, kandambili, ya kushoto tu.
Ukurasa wangu ulipojaa hakunidai.
Alitaka karatasi ya kukatia kola ya hakimu,
akachana huo.
Mpaka leo hakimu wetu anahukumu watu
na deni langu shingoni.

Mwisho wa mwaka nikapewa shahidi wa mpaka wa shamba,
yule anayesukumwa ukutani onyesho la tatu.
Mama alikuja. Alilazimisha kulipia kiti
ingawa nilimwambia ni bure.

Goti.
Nyonga.
Hapakuwa na godoro, mbao tupu,
na msumari mmoja uliochomoza karibu na ubavu.
Bega
likakubali.

Nilitakiwa niwe maiti kwa mistari kumi na minne ya Chausiku,
Chausiku ambaye huzuni humchekesha,
na usiku ule hakucheka.
Mstari wa pili nikasikia kiti kikilia safu ya pili,
nikajua ni nani aliyesimama.

Kidole kimoja tu, Mama angeona.
Kidole kimoja, na watu mia wangeamka
katikati ya usingizi waliokubali wenyewe.
Nikavuta zile pumzi ndogo za tumboni, za kuiba.
Arobaini na saba, nikasema moyoni.
Arobaini na nane.

Taa zikawaka. Wafu tukainuka,
tukashikana mikono, tukainama.
Mama hakupiga makofi. Alikuja ukingoni mwa jukwaa
akanibonyeza bega, polepole,
kama anayechagua papai.

"Kesho mnacheza tena?"
"Saa moja usiku."
"Huyo mtoto ataanguka tena?"
"Ataanguka."
Akautazama ukuta wa mwisho, kule wanakosimama
waliochelewa na wasio na nafasi.
"Basi nitakuwa kule," alisema.
"Kukaa kumenishinda."